Punje Mbili Nilizoongeza

Ndani ya maabara ya shule siku ile tulikuwa watu wanne. Wa kwanza ni mimi, nyanya ya mtoto. Wa pili ni mtoto mwenyewe, mjukuu wangu, binti wa binti yangu wa tatu, yule ambaye ni mpishi kwenye hoteli kule Nanyuki. Mjukuu alikuwa Kidato cha Pili wakati huo, na amekaa kwangu hapa Mukurweini tangu alipofika darasa la tano. Wa tatu ni wifi yangu, dada ya marehemu mume wangu. Shamba lake na langu yametenganishwa na mstari wa migomba, na mdomo wake hauzuiwi na migomba. Yeye hakuwa amealikwa. Wa nne ni mwalimu wa kemia, mwanamke mdogo wa miaka labda ishirini na saba. Mama yake tuliuza pamoja soko la Karatina miaka mingi, yeye karoti, mimi maparachichi, kwa hivyo huyo mwalimu nilimjua akiwa bado anafungwa mgongoni. Yeye hakunikumbuka, nami sikuona haja ya kumkumbusha.

Majina yao wote niko nayo. Mimi jina haliniponyoki. Naweza kukutajia wanawake wote niliobatizwa nao siku moja, na majina ya ng'ombe wao pia. Lakini jina likishaandikwa, mwenyewe hawezi tena kubisha, na wifi yangu anapenda kubisha. Basi majina nitakayoandika hapa ni ya wale ishirini wa kemia peke yao, na hao hawana mtu wa kuja kunigombeza mlangoni.

Habari yenyewe ilianza shule zilipofungwa mwezi wa nane. Mjukuu alirudi na karatasi ya mwalimu, ameikunja mara nyingi mpaka imekuwa ndogo kama tikiti ya basi. Sikuiona siku ya kwanza wala ya pili. Siku ya tatu niliiona ikitoka kwenye mfuko wa sketi nilipokuwa nafua. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne tu, lakini kusoma najua, na Kiswahili nilikishika sokoni kwa sababu wateja wa Nanyuki, wale wafanyabiashara Waislamu, hawakujua Kikuyu na mimi sikutaka waende kwa mwingine. Barua ilikuwa ya Kiingereza. Nikamwita anisomee.

Alinisomea akiangalia ukutani. Ilisema kwamba wale walioanguka kemia wataachishwa somo hilo wakiingia Kidato cha Tatu, na jina lake liko hapo. Lakini mwalimu anawapa nafasi moja. Kila mmoja atengeneze kwa mkono wake ubao wa elementi ishirini za kwanza, uonyeshe jinsi elektroni zimepangwa, aulete siku ya pili baada ya kufungua shule, ausimamie na kuulizwa maswali mzazi akiwa hapo. Akijibu, ataendelea. Asipojibu, basi.

Nilimuuliza bila kemia atapoteza nini. Akasema, unesi.

Hilo neno nililijua uzito wake. Babu yake alipougua ule mguu uliokataa kupona, mtoto huyu alikuwa darasa la saba. Nesi wa zahanati alimwonyesha mara moja tu jinsi ya kuosha kidonda na kufunga kitambaa, na tangu siku hiyo mume wangu hakukubali mkono mwingine. Mimi mwenyewe nilifukuzwa. Alisema mimi nafunga kama naenda kuuza. Miezi minne mtoto alikuwa akiamka mapema kabla ya shule, anaosha, anafunga, anapiga stori na mzee. Baada ya mazishi ndipo aliposema atakuwa nesi, na hakuna mtu aliyecheka.

Kwa hivyo nilimwambia alete hicho kitabu.

Mama yake nilimpigia simu Nanyuki, akasema hawezi kupata ruhusa, watalii ni wengi mwezi huo, niende mimi. Nikamwambia mimi nitaenda kufanya nini kwa kemia. Akasema, "Mama, wewe kaa tu hapo mtoto asiwe peke yake." Hiyo ndiyo kazi niliyopewa: kukaa tu. Mngojee muone kama nilikaa tu.

Sasa nieleze vile nilivyoelezwa. Kila kitu unachoshika, sufuria, chumvi, maziwa, hata mkono wako, kimejengwa na vitu vidogo sana vinavyoitwa atomi. Katikati ya kila atomi kuna kiini, na ndani ya kiini kuna protoni. Idadi ya protoni ndiyo inayosema huyu ni nani. Aliye na moja ni haidrojeni. Aliye na sita ni kaboni. Huwezi kumwongezea protoni na akabaki na jina lake. Halafu nje ya kiini kuna elektroni, nyingi sawasawa na zile protoni, na hizo zinakaa kwa mizunguko, mmoja nje ya mwingine. Mzunguko wa ndani kabisa ni mdogo, unabeba mbili tu. Unaofuata unabeba nane. Wa tatu nao, kwa hawa ishirini, unajaa mpaka nane halafu wanaanza wa nne.

Nilimuuliza, "Na ni nini kilikuangusha hapo, mke mwenzangu?"

Huku kwetu nyanya humwita mjukuu wake wa kike hivyo, kwa utani. Alikuwa hajanichekea tangu afike, na hapo alicheka kidogo. Akanionyesha potasiamu. Potasiamu ni ya kumi na tisa. Kwenye mtihani aliandika mbili, nane, tisa. Mwalimu alikata kwa kalamu nyekundu akaandika mbili, nane, nane, moja. Mjukuu wangu alikuwa amesoma mahali fulani kwamba ule mzunguko wa tatu una nafasi ya hata kumi na nane. Akamuuliza mwalimu mbele ya darasa, kama nafasi iko, kwa nini huyo wa kumi na tisa anaenda kukaa nje? Mwalimu akasema hiyo watasoma mbele, kwa sasa waandike hivyo. Wenzake wakacheka. Na mtoto huyu ana kiburi cha babu yake: tangu siku hiyo akawa anaandika kemia kama mtu anayelipishwa faini.

Nilimwambia ukweli. Hata mimi ningeandika tisa. Kwenye arusi hakuna mtu anayekwenda kukaa nje kwa jua hema likiwa na viti.

"Ndiyo hiyo, Shosho," alisema, maana nyanya huku kwetu ni Shosho. "Ndiyo hiyo."

Basi tukaanza kazi tukiwa wawili wasiojua. Tulikata katoni mbili za mafuta ya kupikia, tukazishona pamoja kwa sindano ya gunia zikawa ubao mmoja. Mizunguko tulichora kwa vifuniko: wa kwanza kifuniko cha chupa, wa pili kikombe, wa tatu bakuli, wa nne sahani ndogo. Kiini kilikuwa kokwa ya kahawa iliyokauka, na chini ya kila moja aliandika jina na hesabu ya mizunguko yake kwa kalamu ya wino mzito. Elektroni zilikuwa maharagwe yale madogo mekundu. Gundi tulipika kwa unga wa ngano. Alihesabu maharagwe yote yatakayohitajika, kuanzia haidrojeni yenye moja mpaka kalsiamu yenye ishirini, yakawa mia mbili na kumi, akayaweka kwenye kikombe cha bati. Mengine yalibaki kwenye mkebe wangu wa mbegu.

Majina niliyashika siku hiyo hiyo. Nilikuwa nayasema nikikata nyasi za ng'ombe: haidrojeni, heliamu, lithiamu, berili, boroni, kaboni, naitrojeni, oksijeni, florini, neoni. Halafu sodiamu, magnesiamu, alumini, silikoni, fosforasi, salfa, klorini, argoni. Halafu potasiamu na kalsiamu. Mjukuu alikuwa akikwama kwa silikoni, mimi namsukuma. Wifi yangu alipita kwa migomba akanisikia, akasimama akauliza ni watu wa wapi hao, na kama wanadai. Nikamwambia ni masomo. Akasema, "Wewe na shule si mliachana darasa la nne? Ama mmerudiana uzeeni?" Akanifuata nyumbani akaketi jikoni mpaka chai ikaiva, na kesho yake akarudi, na kesho kutwa.

Lakini wacha nimpe haki yake, kwa sababu yeye ndiye aliyeona. Siku moja tulikuwa tumepanga maharagwe bila gundi, tuone kama ubao unatosha. Mjukuu alikuwa ameyapanga kwa mistari kama yalivyo kitabuni, wale wa mzunguko mmoja juu, wa mizunguko miwili chini yao, na kuendelea. Upande wa kushoto kulikuwa na lithiamu, chini yake sodiamu, na chini yake potasiamu, ambayo alikuwa ameiwekea mbili, nane, tisa, kwa ukaidi tu. Wifi yangu, ambaye hajui hata herufi, aliinama na kikombe chake akasema huyu wa chini si wa boma hili. Akaulizwa kwa nini. Akasema hawa wawili wa juu kila mmoja ana mtoto mmoja nje peke yake, huyu hana.

Mjukuu alishika yale maharagwe tisa, akatoa moja, akaliweka nje peke yake kwenye mzunguko wa nne. Sasa zikawa tatu zinazofanana, moja chini ya nyingine.

Halafu akatueleza kitu ambacho alikuwa amekiona kwa macho yake na hakujua amekiona. Mwalimu aliwahi kuwaonyesha sodiamu. Alikata kipande kidogo kama punje ya mchele kwa kisu, akakitupa kwenye beseni la maji, kikakimbia juu ya maji kikilia shii. Akatupa cha potasiamu, nacho kikakimbia hivyo hivyo, tena kwa hasira zaidi, kikawaka moto wa zambarau. Tabia ni moja. Na mwalimu alisema tabia inatoka kwa zile elektroni za nje kabisa. Kama potasiamu ingekuwa na tisa hapo nje, isingefanana na sodiamu hata kidogo.

"Kwa hivyo maji ndiyo yanasema," aliniambia. "Si mwalimu."

Kwa nini huyo wa kumi na tisa anaruka nje, hilo bado hakujua, na mimi sijui mpaka leo. Lakini aliona kwamba ni kweli, na mtoto huyu akishaona kitu ni kweli hagombani nacho tena. Kuanzia hapo alisoma. Alikuwa akinieleza tabia zao kama habari za majirani. Wale wenye moja tu nje ni wepesi wa kuitoa, hawawezi kukaa nayo. Heliamu, neoni na argoni mizunguko yao imejaa, hawaongei na mtu. Nikamuuliza kama ni kama wale wa kanisa la juu. Akasema, "Shosho, wewe utaokoka lini?"

Siku ya kubandika ilikuwa Jumamosi, siku mbili kabla ya kufungua. Alibandika kuanzia asubuhi. Gundi ya unga haitaki haraka. Saa tisa hivi alikuwa amemaliza, akauacha ubao juu ya meza ukauke, akaenda kupeleka maziwa kwa kituo. Nikabaki na ubao.

Hapa lazima niwaeleze kitu cha kwetu, na wenye umri wangu watanielewa. Nilikolelewa mimi, saba haiachwi. Mama yangu akipika nduma vikawa vipande saba, alikata kimoja viwe nane. Mayai saba hayakuwekwa chini ya kuku. Saba ilikuwa hesabu ya waganga na ya laana, na watu wazima hawakuitaja wakiwa na watoto mbele yao. Nilipookoka niliambiwa hayo ni ya giza, na mchungaji wetu mmoja aliniambia kwa kicheko kwamba kwenye Biblia saba ni hesabu njema kuliko zote. Nilimkubalia kwa mdomo. Lakini pale Karatina miaka yangu yote, hakuna mtu aliyewahi kukuta fungu langu la maparachichi lina saba. Lilikuwa na sita au lilikuwa na nane.

Basi niliukagua ubao kama ninavyokagua nguo kwenye kamba. Haidrojeni sawa. Naitrojeni sawa. Nikafika kwa florini. Ndani mbili, nje saba. Nikafika kwa klorini. Mbili, nane, na nje saba. Nilihesabu mara mbili. Na hapo kando kulikuwa na mkebe wa mbegu uko wazi, na gundi bado ina joto.

Nisiseme kwamba nilifikiri. Sikufikiri. Kama ningefikiri ningekumbuka kwamba florini ni ya tisa na klorini ni ya kumi na saba, maana niliyajua hayo kwa kichwa. Nilichukua punje moja nikaibandika kwa florini, nyingine kwa klorini, zikakaa vizuri kabisa, kama zilikuwa zinangojewa. Nikaosha mikono nikaenda kukamua.

Mjukuu aliporudi, alifunika ubao kwa leso bila kuuangalia tena. Alikuwa ameuangalia siku nzima. Alinishukuru kwa kuulinda na kuku.

Siku yenyewe tulipanda boda boda mbili, yeye na ubao kwenye moja, mimi kwenye nyingine. Tulipofika getini wifi yangu alikuwa amefika mbele yetu, amevaa koti la mazishi. Alisema amekuja kuona kama watu wake wamepita. Askari wa geti alimwandika kama mzazi wa pili.

Mwalimu alitupatia viti viwili vya mbao kando ya meza ndefu yenye mifereji. Alikuwa mpole lakini hakupoteza maneno. Mjukuu alisimamisha ubao dhidi ya ukuta. Aliulizwa majina ishirini akayataja bila kukwama, hata silikoni. Akaulizwa mzunguko wa kwanza unabeba ngapi, na kiini kina nini, na kwa nini elementi yenye elektroni sawa na protoni haina umeme wowote wa ziada. Alijibu yote. Halafu mwalimu akaweka kidole kwa potasiamu.

Mtoto akasema mbili, nane, nane, moja. Mwalimu akamuuliza sasa amekubali, au ameandika tu? Mtoto akamweleza ile habari ya maji, na zile tatu zilizopangana upande wa kushoto. Akamalizia, "Sababu ya ndani bado siijui, Madam. Lakini nimeona haiwezi kuwa tisa." Mwalimu alisema hata yeye sababu yenyewe aliipata chuoni, na hata huko hakuielewa mara ya kwanza alipoelezwa. Wifi yangu alinikanyaga mguu kwa furaha. Nikajua tumeshinda.

Mwalimu alikuwa ameshachukua kalamu yake. Kwa kawaida tu, kama mtu anayefunga mlango, alianza kuhesabu punje safu kwa safu. Akafika kwa florini, akarudia kuhesabu. Akaenda kwa klorini. Akaweka kalamu chini.

"Hapa umeandika klorini, mbili nane saba," alisema. "Lakini umebandika nane. Na florini pia. Mzunguko wa nje uliojaa namna hii ni wa argoni na neoni. Hii kitu tumeifundisha tangu Kidato cha Kwanza."

Mjukuu alisogea karibu akahesabu. Niliona midomo yake ikienda. Alifika mwisho akaanza tena. Halafu akageuka akaniangalia mimi, si kwa hasira, ila kama mtu anayeuliza saa, na nikaona amejua. Nani mwingine alikuwa nyumbani? Angeweza kusema hapo hapo. Badala yake alirudi kuangalia ubao, mikono yake nyuma.

Mimi nilikuwa nimeambiwa nikae tu. Nikasimama.

"Mwalimu, hizo mbili ni zangu," nilisema. "Yeye alibandika saba. Mimi nikaongeza alipoenda kupeleka maziwa. Kwetu saba haiachwi."

Wifi yangu aliharakisha kusema kwa sauti ya kanisani kwamba ni kweli, huyu mwanamke hata vijiko havitaki vikiwa saba, ndugu yake aliteseka naye miaka arobaini. Mwalimu aliziba mdomo kwa mkono. Nilifikiri amekasirika, kumbe anazuia kicheko. Alipotoa mkono alikuwa amejirudisha kuwa mwalimu. Alisema ananiamini, lakini barua ilisema ubao uwe kazi ya mwanafunzi, na kuna wengine nje wanangoja, na wao pia wana nyanya.

Hilo nililikubali. Lilikuwa haki.

Halafu akamgeukia mtoto, akamwambia atamuuliza swali moja la mwisho, na akilijibu yatakuwa yameisha, na asipolijibu pia yatakuwa yameisha. Akagonga klorini kwa ukucha. "Nyanya yako ameongeza moja hapa. Nimesema inafanana na argoni. Je, imekuwa argoni?"

Mimi ningesema ndiyo. Mwalimu mwenyewe si alikuwa amesema hizo nane ni za argoni?

Mjukuu alienda kwa argoni, akarudi kwa klorini. Aligusa ile kokwa ya kahawa iliyo katikati.

"Hapana," alisema. "Shosho hakugusa kiini. Kiini bado kina kumi na saba, kwa hivyo bado ni klorini. Ila sasa ina elektroni moja zaidi ya protoni, kwa hivyo si atomi ya kawaida tena. Ni ayoni, ya hasi moja."

"Na kitu kama hicho kinatokea mahali pengine, ama ni kwa nyanya yako tu?"

Hapo mtoto alicheka, na kicheko chake kikamlegeza. Akasema kinatokea kila siku. Klorini ikiwa na saba haitulii, inatafuta wa nane. Akaenda kwa sodiamu, ile yenye moja peke yake nje, akaingiza ukucha chini ya ile punje akaibandua. Akaishika juu mbele ya mwalimu. Akasema huyu anataka kuitoa na yule anataka kuipata, basi mmoja anatoa na mwingine anapokea, mmoja anabaki chanya na mwingine hasi, wanashikana, na hiyo ndiyo chumvi tuliyotia kwenye viazi jana.

Nilikaa chini. Sikuwa nimejua. Nawaambia ukweli, katika siku zote zile za kutaja majina hakuwa amenieleza habari ya chumvi, au alinieleza nikiwa nakamua. Kwamba ile saba haiachwi hata huko ndani kwenye vitu visivyoonekana, hilo nililisikia mara ya kwanza nikiwa kwenye kiti cha shule, na sikujua nicheke au niombe.

Mwalimu aliandika kwa muda mrefu. Kisha akasema, akimwambia mtoto lakini akiniangalia mimi, kwamba ubao hauwezi kupata alama zote kwa sababu umeandikwa jina la atomi na kuonyesha kitu kingine, kwa hivyo alama za ubao ni nusu. Maswali amepata yote. Ukijumlisha anapita, si kwa mbali, lakini anapita, na jina lake litaingia kwenye orodha ya kemia ya Kidato cha Tatu. Akamwomba aache ubao hapo maabara, lakini arekebishe kwanza.

Mjukuu alisema "Asante, Madam" kwa sauti ndogo sana. Hakuruka wala kulia. Alikuja akapiga magoti mbele ya kiti changu, akanipa kisu cha kukatia karatasi kilichokuwa mezani, kiganja kikiwa wazi.

"Wewe ndiye uzitoe, Shosho," alisema. "Ukiziacha hapo nitaulizwa mimi."

Basi nilizitoa. Gundi ya unga ikikauka ni ngumu kuliko unavyodhani. Nilikwangua nikiwa nimeinama, wifi yangu akinielekeza kutoka nyuma kama mtu aliyewahi kuijua hiyo kazi. Ya florini ilitoka vizuri. Ya klorini iliacha doa jeupe kwenye katoni. Mjukuu alirudisha ile ya sodiamu mahali pake kwa mate na gundi kidogo ya mwalimu. Nilihesabu mara ya mwisho, nikaona saba hapa na saba pale, nikajilazimisha kuondoka.

Sasa yuko Kidato cha Tatu na kemia anaisoma. Anaongoza? Haongozi. Lakini akija nyumbani anafungua kitabu bila kusukumwa, na juzi alikuwa akimweleza mama yake kwa simu habari za asidi mpaka mama akamwambia chakula cha wageni kinaungua.

Nimeandika haya kwenye kurasa alizobakisha kwenye daftari lake la zamani, kwa kichwa tu, bila kitabu mbele yangu. Wifi yangu anasema yeye ndiye aliyeshika kisu, na kwamba boda boda ilikuwa moja. Mimi najua nilivyoona, lakini macho yangu yana miaka yao. Kwa hivyo wewe unayesoma, kama ulikuwepo, au kama unaijua hiyo kemia kuliko mimi na umekuta nimempa mtu elektroni isiyo yake, nitumie neno nirekebishe. Hasa pale kwa potasiamu. Na ukiijua ile sababu ya huyo wa kumi na tisa kwenda kukaa nje, usimwambie wifi yangu kwanza, njoo uniambie mimi.